Mboga inayosafisha udongo haifai kuliwa

Msomaji, mara ya mwisho uliponunua sukuma wiki ulimwuliza mama mboga bei, ukaangalia kama majani yametobolewa na wadudu, kisha ukalipa na kwenda zako. Je, ulimwuliza mboga hizo zilimea wapi? Wengi wetu hatuulizi. Katika miji ya Kitale na Bungoma, kama ilivyo katika miji mingine ya Kenya, sehemu ya mboga tunazokula hutoka mashambani, na sehemu nyingine hulimwa papo hapo mjini: kando ya barabara, kwenye mitaro ya maji machafu, nyuma ya gereji na karibu na majaa ya taka. Mboga hizo huwa za kijani kibichi, zimenawiri, na bei yake ni nafuu. Kunawiri kwake ndiko kunakotufanya tusishuku lolote.

Sina nia ya kukutisha uache kula mboga. Mtu asiyekula mboga hujiletea maradhi mengine mengi. Nia yangu ni kueleza kazi inayofanywa chini ya ardhi na mizizi pamoja na bakteria wanaoizunguka, na kwa nini kazi hiyo inahusu afya ya jamaa yako.

Siku hizi huzungumzwa sana habari za mimea na bakteria wanaoweza kusafisha udongo uliochafuliwa kwa madini mazito. Hiyo ni elimu ya kweli. Lakini ikisikika nusu nusu, mtu aweza kudhani kwamba maumbile yatatuondolea uchafu wetu bila sisi kugharamika. Mimi nasema hapana. Bakteria hawamalizi madini mazito. Wanayahamisha tu, na pengine mahali wanapoyahamishia ni katika sahani yako.

Madini gani haya?

Madini mazito yanayosumbua afya ni kama vile risasi, kadimiamu, zebaki na aseniki. Yapo mengine, kama zinki na shaba, ambayo mwili huyahitaji kwa kiasi kidogo sana lakini yakizidi hudhuru. Risasi na kadimiamu mwili hauna haja nayo hata chembe.

Risasi ndiyo iliyomo ndani ya betri za magari na katika rangi nyingi za zamani. Kadimiamu imetumiwa katika betri ndogo za kuchajiwa, katika rangi na katika plastiki. Aidha hupatikana katika mbolea za fosfeti, kwa sababu mawe yanayochimbwa ili kutengeneza mbolea hizo huwa nayo kiasili. Mawe ya nchi moja huwa na kidogo, ya nchi nyingine huwa na nyingi.

Kwa miaka mingi risasi ilitufikia pia kupitia petroli. Ilitiwa humo ili injini zisigonge, ikatoka na moshi, ikatua juu ya udongo kando ya barabara. Kenya iliachana na petroli hiyo mwishoni mwa mwaka wa 2005, pamoja na nchi nyingine za Afrika zilizo kusini mwa Sahara. Moshi wenye risasi ulikwisha. Risasi iliyokwisha kutua ardhini haikwenda popote. Malori ya dizeli hayakutoa risasi hiyo, lakini matairi ya kila gari huacha vumbi lenye zinki. Fikiria basi ni magari mangapi yamepita katika barabara ya Webuye na Bungoma kuelekea Malaba, au katika ile ya Kitale inayokwenda Lodwar, tangu ulipokuwa mtoto.

Uchafu wa aina nyingine una mwisho wake. Kinyesi huoza kikawa mbolea. Mafuta yaliyomwagika huliwa na bakteria polepole. Hata dawa nyingi za kuua wadudu huvunjikavunjika kwa jua na kwa vijidudu. Madini hayaozi wala hayavunjiki. Unaweza kuyahamisha, kuyafunga mahali au kuyafunika, lakini kuyamaliza huwezi.

Kazi ya bakteria mizizini

Chukua udongo wa kujaza kijiko cha chai. Humo mna bakteria wengi kuliko watu wote wa Kenya. Wengi wao hukusanyika karibu na mizizi kwa sababu mzizi hutoa sukari na asidi zinazowalisha. Wengine huingia ndani ya mmea wenyewe na kuishi humo bila kuudhuru. Mmea nao hufaidika. Wapo bakteria wanaoupatia naitrojeni, wapo wanaoulegezea fosfeti iliyoshikamana na udongo, na wapo wanaousaidia kupata chuma.

Katika kazi hiyo hiyo ndipo madini mazito huingia. Bakteria anapotoa asidi ili kulegeza fosfeti, asidi hiyo huweza kulegeza kadimiamu na zinki pia. Anapotoa kemikali ya kukamata chuma, kemikali hiyo huweza kukamata na madini mengine. Isitoshe, baadhi ya bakteria huufanya mmea ukuze mizizi mingi zaidi hata katika udongo mbaya, na mizizi mingi hufikia madini mengi.

Wengine hufanya kinyume. Huyanasa madini kwenye ngozi zao, au huyageuza yasiweze kuyeyuka majini, hata mzizi ukashindwa kuyanyonya. Kwa hiyo usije ukawaita bakteria wa udongo rafiki au adui. Inategemea ni bakteria gani, mmea gani na udongo gani.

Mwaka wa 1976 nchini Ubelgiji alipatikana bakteria wa ajabu katika tangi la maji machafu la kiwanda cha zinki. Leo anaitwa Cupriavidus metallidurans. Anaishi katika sumu ambayo ingewaua wenzake, kwa kuwa ana pampu ndogo ndogo zinazoyasukuma madini nje ya mwili wake. Yeye hupona, lakini madini hubaki pale pale, nje ya mlango wake.

Iko pia mimea yenye tabia ya kukusanya madini. Katika kisiwa cha New Caledonia kuna mti ambao utomvu wake una rangi ya kijani inayoelekea buluu, na ukikaushwa karibu robo ya uzito wake ni nikeli. Karibu na kwetu, huko Katanga katika nchi ya Kongo ambako Kiswahili ni lugha ya kila siku, kuna maua yanayostawi katika vilima vya shaba ambako mimea mingine hushindwa. Waakiolojia wameyafuata maua hayo wakagundua mahali ambapo watu wa kale waliyeyushia shaba. Mwaka wa 2001 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba mmea mmoja wa jamii ya kangaga hufyonza aseniki kutoka udongoni na kuiweka katika majani.

Mwaka huo huo ulichapishwa utafiti mwingine unaotuhusu zaidi. Mmea mdogo wa Ulaya unaokusanya zinki ulioteshwa bila bakteria wowote, kisha mwingine wa aina hiyo ukaoteshwa pamoja na bakteria waliochukuliwa mizizini. Ule uliokuwa na bakteria ulikuwa na zinki karibu maradufu katika majani yake. Ndipo watu wakaanza kuwa na matumaini makubwa: tuoteshe mimea ya namna hiyo katika udongo uliochafuka, tuitilie bakteria wanaofaa, na madini yatapanda majanini tuyavune kama tunavyovuna mahindi.

Kutoka shambani hadi sufuriani

Matumaini hayo si ya bure, lakini sikiliza kinachofuata. Mmea huo wa zinki ni wa ukoo mmoja na kabeji, sukuma wiki na kanzira. Sisemi kwamba sukuma wiki hunyonya madini kwa kiasi kile. Nasema kwamba mboga za majani, kwa jumla, hukusanya madini mengi kuliko nafaka na matunda, na mchicha hasa hujulikana kwa kuvuta kadimiamu. Bakteria walio mizizini mwa mboga hawajui kama mmea wanaousaidia umepandwa ili kusafisha ardhi au ili kuliwa na ugali.

Risasi na kadimiamu hazina tabia moja. Risasi nyingi hubaki mizizini, na ile inayopatikana kwenye majani aghalabu ni vumbi lililotua juu yake. Ndiyo maana kuosha mboga vizuri kwa maji safi, jani kwa jani, kunasaidia kweli. Kadimiamu husafiri ndani ya mmea hadi majanini. Hiyo haiondoki hata ukiosha mara kumi. Kuchemsha nako huua vijidudu vya kuhara lakini hakugusi madini. Wala kutia magadi au ule munyu wa majivu ya maganda ya maharagwe hakuyaondoi.

Kikomo kilichowekwa na tume ya kimataifa ya Codex ni miligramu 0.2 ya kadimiamu katika kila kilo ya mboga za majani, na miligramu 0.3 ya risasi. Piga hesabu mwenyewe: gramu moja tu ya kadimiamu ikisambaa sawasawa inatosha kufikisha kilo 5,000 za mboga kwenye kikomo hicho.

Madhara yake huja taratibu, na kwa sababu hiyo wengi hawayatilii maanani. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, ikampunguzia uwezo wa kujifunza na kutulia darasani. Humpunguzia damu, na kwa mtu mzima hupandisha shinikizo la damu. Mama mjamzito huipitisha kwa mtoto aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kadimiamu hukaa katika mafigo kwa miaka 10 hadi 30, ikiongezwa kidogo kidogo na kila mlo. Katika mkoa wa Toyama nchini Japani watu walikula mchele uliomwagiliwa maji ya mto uliochafuliwa na mgodi, mifupa yao ikawa laini na kuvunjika kwa maumivu makali. Serikali ya huko ilikiri chanzo chake mwaka wa 1968, baada ya watu kuteseka kwa miongo kadhaa.

Kwa mvutaji wa sigara hatari huwa kubwa zaidi. Tumbaku ni miongoni mwa mimea inayokusanya kadimiamu katika majani, na moshi huipeleka moja kwa moja mapafuni. Wakazi wa Bungoma wanalijua zao hili kwa kuwa limelimwa huko kwa miaka mingi, hasa upande wa Malakisi.

Ng'ombe naye asisahauliwe. Majani ya kando ya barabara yanayokatwa na kupelekwa zizini hubeba vumbi lile lile, na kadimiamu anayokula ng'ombe hujikusanya katika maini na mafigo yake.

Mafunzo ya Mombasa na Lubumbashi

Kama unadhani haya ni mambo ya ng'ambo, kumbuka mtaa wa Owino Uhuru kule Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi ubavuni mwa nyumba za watu, na risasi ikaingia katika damu ya watoto. Mama Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano dhidi ya kiwanda hicho, alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka wa 2015. Mwaka wa 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Kesi ikaendelea katika ngazi za juu, na mnamo Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo. Kiwanda kilikuwa kimefungwa tangu 2014. Hesabu miaka hiyo, msomaji, uone bei ya kungoja hadi uchafu uingie ndipo tuanze kuutafutia dawa.

Lubumbashi nako kuna funzo. Shaba imeyeyushwa katika mji huo tangu mwaka wa 1911, na upande ambao upepo ulipeleka moshi wa kiwanda, kama mtaa wa Penga Penga, ardhi ilibaki wazi bila majani. Wataalamu wa huko hawakukimbilia kupanda mimea ya kunyonya madini. Walijaribu kupanda nyasi za kienyeji zinazostahimili shaba, wakatia chokaa na mboji udongoni. Shabaha yao ilikuwa kuyafunga madini yakae pale yalipo, vumbi lisipeperuke na maji ya mvua yasiyabebe hadi visimani. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo busara. Mmea unaonyonya madini lazima uvunwe, ubebwe na utupwe mahali maalumu kama taka ya sumu, mwaka hadi mwaka, pengine kwa miongo. Asipokuwepo mtu wa kuuvuna, majani huanguka na madini hurudi palepale. Na katika mji wenye mbuzi na ng'ombe wanaozurura, nani atamzuia mnyama asiyale?

Asidi katika udongo wetu

Kitale na Bungoma zina jambo lake la pekee. Udongo wa sehemu nyingi za Trans Nzoia na Bungoma una asidi, na mara nyingi pH yake iko chini ya 5.5. Mvua nyingi huchangia, na kutumia mbolea ya DAP msimu baada ya msimu bila chokaa kumeongeza tatizo hilo. Wakulima wa mahindi wanajua hasara yake: mizizi hudumaa na fosfeti hushikwa isifike kwenye mmea.

Isiyojulikana sana ni hasara ya kiafya. Katika udongo wenye asidi, kadimiamu na zinki huyeyuka kwa urahisi, na mmea huzinyonya upesi. Shamba mbili zikiwa na kadimiamu sawasawa, ile yenye asidi ndiyo itakayotoa mboga yenye madini zaidi. Kwa hiyo mkulima anayetia chokaa hatafuti magunia tu. Anawakinga pia watakaokula mazao yake. Chokaa hiyo haitoki mbali. Huchimbwa Koru, katika kaunti ya Kisumu.

Kuhusu kadimiamu iliyomo katika mbolea, nchi za Muungano wa Ulaya ziliweka kikomo ambacho kilianza kufanya kazi Julai 2022: mbolea ya fosfeti isizidishe miligramu 60 za kadimiamu kwa kila kilo ya fosfeti. Wilaya zetu za zamani za Trans Nzoia na Bungoma ziliitwa ghala la nchi, na shehena za mbolea zinazoletwa huku ni nyingi. Mnunuzi ana haki ya kuona kiwango cha kadimiamu kimeandikwa kwenye gunia, kama anavyoona naitrojeni na fosfeti.

Bakteria wenyewe huumia

Tumeona jinsi bakteria wanavyohamisha madini. Sasa tuone jinsi madini yanavyowaangamiza wale tunaowahitaji. Maharagwe yanayopandwa katikati ya mahindi hapa kwetu hupata naitrojeni kwa msaada wa bakteria waitwao rizobia, wanaoishi katika vinundu vidogo vya mizizi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilitengeneza dawa ya bakteria hao kwa jina la Biofix, nayo huuzwa kwa pakiti kwa wakulima wa maharagwe na soya.

Huko Woburn nchini Uingereza, shamba la majaribio lilitiwa masalio ya maji taka ya mjini kuanzia mwaka wa 1942 hadi 1961. Zaidi ya miaka 20 baada ya kazi hiyo kukoma, watafiti waliona kwamba mimea ya jamii ya kunde katika udongo ule haipati naitrojeni ipasavyo. Madini yaliyoletwa na masalio hayo yalikuwa bado yamo udongoni. Rizobia wafanyao kazi walikuwa wamekufa, wakabaki wale wasio na faida kwa mmea. Shamba lilionekana zima kwa macho.

Ukitaka kujua kama rizobia wa shambani mwako wanafanya kazi, ng'oa mharagwe unapoanza kutoa maua, kisha upasue kinundu cha mzizi kwa ukucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hakifanyi. Sababu zaweza kuwa nyingi, asidi ikiwemo, lakini ni ishara kwamba udongo unahitaji kupimwa.

Watakaopinga

Wapo watakaosema kwamba ninawanyima riziki akina mama wanaolima vipande vya kando ya barabara. Sivyo. Mama huyo hakuitia risasi katika petroli, wala hakumwaga asidi ya betri mtaroni. Analima pale kwa sababu hana mahali pengine, na watoto wake ndio wa kwanza kula mboga hizo. Kumng'olea mimea na kumfukuza si afya. Afya ni kumpimia udongo, na ukikutwa mbaya, kumwonyesha mahali pengine au zao jingine.

Wengine watasema kwamba sayansi ya bakteria inaendelea, na kwamba kesho itapatikana pakiti ya kunyunyiza na udongo ukasafika. Nakubali kwamba inaendelea, nami ningependa vijana wetu wa vyuo vikuu waisomee. Lakini mwuzaji akikujia na dawa ya bakteria inayodaiwa kuondoa madini, mwulize swali moja: yanakwenda wapi? Akisema yanapanda kwenye mmea, mwulize mmea huo atauchukua nani na atautupa wapi. Asipokuwa na jibu, shika pesa zako.

Yafanywe nini?

Wewe mwenye bustani mjini, usipande mboga za majani ukingoni mwa barabara kuu, karibu na gereji, mahali palipochomewa taka au penye mafundi wa betri. Kama kipande chako kiko mahali pa kutiliwa shaka na huna kingine, panda mahindi, nyanya au maharagwe badala ya mchicha na sukuma wiki, au leta udongo safi ulime katika magunia, jambo ambalo wengi mijini wamekwisha lizoea. Panda ua mrefu upande wa barabara uzuie vumbi. Tia mboji nyingi, kwa maana mboji huyashika madini. Kituo cha kilimo cha Manor House karibu na Kitale kimefundisha kilimo cha mboji na vitalu vidogo tangu mwaka wa 1984. Usitie majivu ya takataka zilizochanganyika na plastiki na betri, hata kama majivu ya kuni ni mbolea nzuri.

Wewe mnunuzi, osha mboga vizuri, badilisha aina za mboga na mahali unapozinunua, usile za sehemu moja mwaka mzima. Watoto wanawe mikono kabla ya kula, kwa kuwa vumbi la mikononi huingiza risasi mwilini kuliko hata mboga. Walishwe vyakula vyenye chuma na kalsiamu, kama maharagwe, omena na maziwa, maana mwili wenye upungufu wa chuma na kalsiamu hunyonya risasi zaidi.

Ama serikali za kaunti, tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013 kilimo na usafi wa miji viko mikononi mwenu. Pimeni udongo na mboga katika sehemu zinazolimwa mjini, mwanzie kwenye mitaro ya maji machafu na kandokando ya mabanda ya jua kali, na matokeo myabandike sokoni kila mtu ayasome. Watengeeni mafundi wa betri mahali penye sakafu ya saruji, mbali na makao ya watu na mito. Masalio ya mitambo ya maji taka yasigawiwe wakulima kabla hayajapimwa madini. Na pale mnapotoa mbolea ya bei nafuu, toeni na chokaa.

Kupima kipande cha udongo ni rahisi kuliko kupima damu ya darasa zima, na ni rahisi mara nyingi zaidi kuliko kesi ya miaka mingi mahakamani. Tusingoje watoto wetu wapimwe damu ndipo tukumbuke kupima udongo.